Kidonda cha mama mguuni kinatoa maji mpaka yanapita bandeji, nifunge na nini?

mjukuu_wa_Muheza

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu, hasa nyie mnaofanya kazi hospitali au mliowahi kuuguza mtu mwenye donda ndugu. Mama yangu ana miaka 63, ana kidonda mguu wa kushoto upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Kilianza kama mkwaruzo tu, alijigonga kwenye mbuzi ya kukunia nazi mwaka jana mwezi wa nne, tukadharau, sasa hivi kimefika ukubwa wa kiganja cha mtoto. Hakina shimo, kiko juu juu, ila maji yanayotoka jamani! Yana rangi kama chai iliyopikwa kwa majani ya jana, nikimfunga saa moja asubuhi saa nane mchana bandeji imeshalowa mpaka nje na inzi wameshajua njia, usiku natandika kanga mbili chini ya mguu na asubuhi zote chapachapa.

Nilikuwa nafunga na gozi na Betadine kila siku. Gozi inakaukia pembeni, katikati inaloa, kuitoa ni kilio, inatoka na nyama na damu. Jirani akasema tumwagie unga wa vidonge vya rangi mbili, tukamwagia wiki nzima, ikawa gamba la njano na chini yake maji yanazidi. Mwezi uliopita nikaenda duka la dawa mjini nikaeleza, wakaniuzia plasta ya kisasa, nene kidogo, rangi ya ngozi, wakasema hii unabandika unaacha siku tano. Bei ya kipande kimoja ningenunua gozi za wiki mbili. Siku ya pili imevimba kama mfuko wa maji, ikabanduka upande mmoja, harufu ikajaa chumba kizima. Nilipoitoa ngozi ya kuzunguka kidonda ilikuwa nyeupe imejikunja kama vidole vya mtu aliyefua tangu asubuhi, na kidonda kimetanuka. Nilikaa nje nikalia.

Sukari amepimwa mara mbili hana. Presha anayo na anatumia dawa miaka mingi. Mama sa hivi haendi hata kwenye shughuli za ndugu kwa ajili ya harufu, mpwa wake ameolewa juzi akabaki ndani. Naomba mniambie ni dresingi gani inayokunywa maji mengi na kama naweza kuipata Tanga, na kama naweza kumfunga mwenyewe nyumbani maana hospitali kila siku nauli inatushinda.

mzee_wa_shamba

Pole sana kijana. Kidonda kinatakiwa kikauke, hilo ndilo tulilolelewa nalo. Acha kukifunga funga, akae nje asubuhi jua likiwa dogo kama saa moja hivi, kipate hewa, usiku ndo ufunge. Marehemu bibi yangu alipona kwa njia hiyo. Mungu amjalie mama.

sista_Temeke

Pole sana mdogo wangu, na mfikishie mama shikamoo yangu na pole. Nimekaa chumba cha vidonda miaka 17 kwa hiyo nimeuona huo mguu unaouelezea mara nyingi sana, ukisema tu "upande wa ndani juu ya kifundo, kiko juu juu, kinatoa maji" mimi tayari nina wazo, ila nataka nikuulize vitu kabla sijasema.

Kwanza nimjibu mzee wangu hapo juu kwa heshima zote. Hilo la kukausha tumelirithi wote, hata mimi nilianza kazi nikiamini hivyo. Lakini mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, alichukua nguruwe akawafanyia vidonda vidogo vidogo, vingine akaviacha wazi vikauke vifanye gamba, vingine akavifunika na karatasi ya nailoni vibaki na unyevu. Vile vya unyevu vilifunika ngozi haraka karibu mara mbili ya vile vikavu. Sababu yake ni rahisi ukiielewa, ngozi mpya haioti kutoka chini kama nyasi, inatambaa kutoka pembeni kwenda katikati, na haiwezi kutambaa juu ya gamba kavu, inabidi ipite chini yake ikichimba. Kwa hiyo unyevu tunautaka. Cha mama kimezidi unyevu, kimekuwa mafuriko, na mafuriko nayo hayafai.

Na kuna jambo wengi hawaambiwi. Maji ya kidonda cha jana na maji ya kidonda cha mwaka mzima si maji yale yale. Ya kidonda kipya yanasaidia kujenga. Ya kidonda sugu yamejaa vimeng'enya vinavyokula protini, yaani vinakula ile nyama mpya ambayo mwili unajaribu kuijenga, na yakimwagikia ngozi nzima ya pembeni yanaichubua. Ule weupe uliouona ndo huo, ngozi imeloweshwa mpaka imekufa juu, ikichanika kidonda kinaongezeka. Ndo maana kilitanuka, wala hukufanya uzembe.

Sasa ile plasta. Ulivyoieleza ni haidrokoloidi. Ni kitu kizuri ila kwa kidonda chenye maji kidogo, ikigusana na majimaji inageuka kama uji uliolala, na uji huo una harufu yake hata kama kidonda hakina maambukizi. Kwa kidonda cha mama ilikuwa kama kuziba bomba kwa kidole. Walikuuzia kitu cha kweli kwa kidonda kisicho chake, na hakuna aliyekuuliza kinatoa maji kiasi gani, hilo ndo linaniuma.

Ukitaka kuchagua, usianze na jina la dresingi, anza na ile uliyoitoa. Iangalie. Kama ni kavu na imenata, kidonda kina kiu, hapo inakwenda haidrojeli, yaani dresingi ya jeli yenye maji, au gozi ya vaselini. Kama ina unyevu katikati tu na pembeni kavu baada ya siku mbili tatu, hiyo ndo tunayoitafuta, haidrokoloidi au foamu nyembamba, ile dresingi kama sponji, inatosha. Kama imejaa mpaka karibu na ukingo ndani ya siku moja, hapo ni foamu nene. Na kama inapita mpaka bandeji ya nje kabla ya masaa 24, kama ya kwenu, hapo ni alginati au haidrofaiba (nyuzi zinazogeuka jeli vilevile) chini na pedi nene ya kunyonya juu yake. Alginati ni kama pamba iliyofumwa, imetengenezwa na mwani, ndani ina kalisiamu, ikikutana na chumvi ya maji ya kidonda inabadilishana nayo inakuwa jeli, kwa hiyo inakunywa maji na haishiki nyama. Unaikata kwa ukubwa wa kidonda chenyewe, usiivushe kwenye ngozi nzima maana itaipelekea unyevu. Ukiiweka kwenye kidonda kikavu itanata na itamuumiza.

Kubadilisha usifuate saa wala maelezo ya kwenye boksi, fuata maji. Badilisha kabla hayajafika ukingoni. Yakishatokeza nje ya bandeji ujue umewajengea bakteria daraja la kuingilia.

Ngozi ya pembeni kila ukifunga paka krimu ya zinki oksaidi, safu nyembamba sana, kama huna paka vaselini safi. Hiyo usiiruke hata siku moja. Na unga wa rangi mbili acha kabisa, ile ni antibayotiki ya kumeza, unatengeneza gamba, unaweza kumletea aleji, na bakteria wanaizoea dawa.

Kabla sijaenda mbali nijibu haya. Mguu umevimba? Akiuinua unapata nafuu au unauma zaidi? Analala vipi? Na uniandikie dawa ZOTE anazokunywa pamoja na kipimo, usiache hata moja.

mjukuu_wa_Muheza

Sista asante sana, nimemsomea mama yote akanyamaza kisha akasema huyu ameniona wapi.

Majibu. Mguu umevimba ndiyo, jioni unakuwa kama gogo, nikiubonyeza kwa kidole linabaki shimo. Ngozi ya kuzunguka kidonda mpaka nusu ya muundi ni ya kahawia iliyoiva, ngumu, kama iliyoungua zamani. Mguu wa kulia nao umevimba ila kidogo. Akiuinua anapata nafuu. Dawa ni amlodipini miligramu 10 asubuhi na bendro, ile ya kukojoza, nusu kidonge, basi.

Kulala ndo sijui nisemeje. Mama analala kwenye kiti tangu mwezi wa saba. Kitandani anaogopa kuchafua godoro na shuka, anakaa kwenye kiti cha uzi, mguu chini juu ya zile kanga nilizowaambia, anaegemea ukutani mpaka asubuhi. Tulimwomba sana ahamie kitandani akakataa.

sista_Temeke

Oooh mama yangu masikini. Mdogo wangu, umenipa jibu la kidonda chote.

Sikiliza. Damu ikishafika mguuni inarudishwa juu na mishipa ya vena, ndani yake kuna vijimlango vinavyofungua juu tu ili isirudi chini. Vijimlango vikichoka, kwa umri, kwa uzazi mwingi, kwa kazi za kusimama, au kwa damu iliyowahi kuganda mguuni, damu inalundikana chini, presha ya ndani ya mshipa inapanda, maji yanakamuliwa kwenye nyama, ngozi inapata ule ukahawia kutokana na madini ya chuma ya damu iliyovuja, na siku akijikwaruza kidogo tu pale panakuwa tundu la kutolea. Maji unayoyaona kwenye kanga si ya kidonda peke yake, ni ya mguu mzima yamepata pa kutokea.

Sasa angalia mzunguko wake. Kidonda kinalowesha, mama anaogopa kuchafua shuka, analala kwenye kiti, mguu unaning'inia masaa nane usiku juu ya yale ya mchana, maji yanashuka zaidi, kidonda kinalowesha zaidi. Hakuna dresingi duniani itakayokunywa hayo yote. Hata nikikuletea boksi la alginati hapo Muheza kesho, litaisha na maji yatakuwepo.

Na amlodipini. Ni dawa nzuri ya presha na inaokoa watu, ila inajulikana kabisa kuvimbisha miguu kwa baadhi ya watu, zaidi kwenye kipimo kikubwa kama hicho cha 10. TAFADHALI USIMWACHISHE, presha ikipanda anaweza kupata kiharusi. Nenda na karatasi ya dawa zake kwa daktari mwambie miguu inavimba na ana kidonda, aangalie kama inaweza kupunguzwa au kubadilishwa, na apime moyo na figo maana navyo vinavimbisha, hasa kwa vile miguu yote miwili imevimba.

Usiku wa leo afanye hivi. Tandika godoro kwa nailoni, juu yake shuka kuukuu. Mguu ufungwe hivi: gozi ya vaselini iguse kidonda, juu gozi nyingi zilizokunjwa, juu yake pedi ya kunyonya. Usipoipata pedi ya hospitali chukua pampasi mpya ya mtoto, ikunjue, upande unaonyonya uangalie kidonda lakini isiguse nyama, iwe juu ya gozi. Zile chembe za ndani zinashika maji kweli na hazirudishi, nimewafundisha wagonjwa wengi wasio na uwezo. Halafu bandeji ya kushikilia tu, isibane. Mguu uwekwe juu ya mito mpaka uwe juu ya usawa wa kifua. Hapo hatachafua shuka na mguu utapumzika.

Kusafisha tumia maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Gozi ikinata iloweshe dakika kumi kwanza, usiivute.

muuguzi_Leicester

Habari zenu ndugu. Mimi nipo Uingereza, natembelea wagonjwa majumbani, na vidonda vya miguu vya namna hii ndo sehemu kubwa ya wiki yangu. Sista amemaliza karibu yote, mimi niongezee kwenye bandeji ya kubana, maana kwa kidonda cha vena hiyo ndo tiba yenyewe na dresingi ni msaidizi wake.

Huku tunafunga tabaka nne. La kwanza pamba laini ya kulinda mfupa, la pili krepu, la tatu bandeji ya kuvutika, la nne ile inayojinata yenyewe. Zikifungwa vizuri zinabana kama milimita 40 za zebaki pale kifundoni na nguvu inapungua kadiri unavyopanda kwenda gotini, hivyo damu inasukumwa juu. Zinakaa hadi wiki nzima maji yakishapungua. Mwanzoni mguu ukiwa unamwaga tunafungua mara mbili tatu kwa wiki.

Lakini kaka usije ukasoma hapa ukaenda kununua krepu ukamkaza mama. Kuna miguu yenye kidonda ambayo shida yake ni mishipa inayoleta damu, ateri, na ukiibana hiyo unaikatia damu kidogo iliyobaki, mtu anapoteza mguu. Kwa hiyo kabla ya kubana kokote lazima apimwe. Tunapima presha ya kifundo kwa kidopla, kile kimashine cha kusikiliza damu inavyopita, tunaigawanya kwa presha ya mkono. Ikiwa 0.8 kwenda juu mpaka kama 1.3 tunabana kawaida. Chini ya 0.8 tunapunguza na tunamuuliza mtaalamu. Chini ya 0.5 hatubani kabisa, anapelekwa kwa wa mishipa haraka. Kwa mwenye kisukari namba inaweza kudanganya kwa vile ateri zimekakamaa, inapanda kuliko ukweli. Hilo la mguu kupata nafuu ukiinuliwa ni dalili nzuri, mguu wa ateri ni kinyume chake, mgonjwa anauning'iniza usiku ndo anapata ahueni, na unyayo unakuwa wa baridi. Dalili nzuri ila haitoshi, apimwe.

Na wakimfunga hospitali uangalie hivi: bandeji ianzie kwenye shina la vidole, ifunike kisigino, iishie chini ya goti, kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita. Nimeshaona mguu uliofungwa kifundoni tu, juu na chini pamevimba katikati pamebonyea, kidonda kipya kimeanza pale pale. Vidole vikiwa vya bluu, vikiwa na ganzi au maumivu mapya, fungua hapo hapo hata ikiwa saa nane usiku, usisubiri kliniki.

mwana_wa_Likoni

Salaam aleikum. Mimi si daktari, nasema kwa yaliyotupata. Babangu alikuwa na donda la mguu miaka 11, tangu alipoungua na maji ya moto pale bandarini. Twabadilisha dawa, twabadilisha bandeji, leo asali kesho poda, kila mtu ana lake. Miaka hiyo yote hakuna hata mmoja aliyemwambia akatwe kipande kidogo kipelekwe maabara. Mwaka wa mwisho ukingo wa kidonda ukaanza kuinuka, ukawa mgumu kama mdomo wa chungu, nyama ya kati ikachomoza kama koliflawa na maji yakawa na damu na uvundo usiosemeka, sisi twasema ni maji tu yamezidi, twaongeza pamba. Kumbe ilikuwa saratani ya ngozi. Mguu ulikatwa juu ya goti. Yuko hai alhamdulillahi, lakini kila nikiona mtu anauliza "dawa gani ya kukausha" moyo wanipasuka.

Kwa hiyo nduguyangu, mama apelekwe. Na mkiona ukingo umegeuka au maji yamebadilika ghafla, semeni wenyewe "twataka kipimo cha kinyama", msingoje kuambiwa.

sista_Temeke

Pole sana kaka wa Likoni, na mzee Mungu ampe umri. Inaitwa donda la Marjolin, inatokea zaidi kwenye makovu ya moto na vidonda vya miaka mingi. Ndo sababu kidonda ambacho kimepata matibabu sahihi, kimefungwa vizuri, kikakaa miezi bila kupungua, tunakata kipande. Si kumtisha mtu, ni kujua.

Na kwa wasomaji wengine wenye wagonjwa, kidonda cha mguu si cha vena tu. Kijana mwenye selimundu anaweza kupata pale pale kifundoni. Mwenye kisukari anapata chini ya unyayo kwenye sehemu inayogandamizwa, na yule dresingi haitamsaidia kama bado anaikanyagia. Na kwetu huku pwani kuna matende, mguu unatoa maji kwenye mikunjo, yule dawa yake kubwa ni kuosha kwa sabuni na kukausha katikati ya vidole kila siku.

bint_Jambiani

Nimefatilia uzi wote, mie ni mkulima wa mwani tangu naolewa, sista aliposema alginati inatoka kwenye mwani nikashtuka nikaenda kumuuliza mwanangu alosoma. Kumbe si mwani wetu. Huu tunaolima Paje na Jambiani tokea mwaka 1989, spinosum na kotonii, ni mwani mwekundu, unatolewa karajinani ya kuzidishia uzito vyakula na dawa ya mswaki. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi, Norwei huko na Scotland. Nasema haya asije mtu akatwanga mwani wa pwani akabandika kidonda, maana watu wetu nawajua.

Nami nauliza, asali ya nyuki wadogo vipi? Kwetu ndo dawa ya kwanza.

sista_Temeke

Ahsante bibie, umefanya la maana kusema, na mimi hilo la mwani mwekundu ndo nalijua leo.

Asali inafanya kazi, ina sukari nyingi inavuta maji na inaua bakteria, na kuna asali ya hospitali iliyopigwa mionzi kuua vijidudu vya ndani. Ile ya mzinga haijasafishwa hivyo, mimi simwekei mgonjwa. Na kwa mama wa Muheza asali yoyote sa hivi si wakati wake, kwa sababu hiyo hiyo ya kuvuta maji, siku za mwanzo kidonda kinatoa zaidi. Ni nzuri pale kidonda kina ukoko mfu wa njano na maji ya kiasi. Papai bichi vilevile, linakula nyama iliyokufa, yeye hana nyama mfu kwa alivyoeleza.

Nimesahau chakula. Yale maji yana protini, anaimwaga kila siku. Mayai, maharage, dagaa, samaki, kila siku kitu kimoja wapo. Na akiwa amekaa akunje na kukunjua kifundo kama anakanyaga cherehani, msuli wa nyuma ya mguu ndo pampu ya vena.

mjukuu_wa_Muheza

Wakuu nimerudi, imepita kama wiki ya saba sasa, nilisema sitarudi mikono mitupu.

Usiku ule ule nilimfunga kwa pampasi na kumwekea mito mitatu. Asubuhi shuka kavu. Mama aliipapasa mara mbili tatu, akaniita nije niiguse na mimi. Tangu siku hiyo analala kitandani.

Hospitali daktari alisikiliza mapigo kwa kidopla, miguu yote ikawa zaidi ya 0.9, moyo na figo havina shida. Amlodipini ameishusha akaongeza dawa nyingine ya presha, tunapima kila wiki iko vizuri. Kuna nesi mmoja pale anajua kweli kufunga, hana zile tabaka nne kamili, anatumia pamba, krepu na ile ya kuvutika, anaanza kwenye vidole kama dada wa Leicester alivyosema. Alginati nilipata vipande vinne tu kwa bei iliyonitoa jasho, vitatu tulitumia wiki ya kwanza maji yakiwa mengi, tulianza kufungua siku mbili mara moja, ikaja siku tatu. Halafu tukahamia foamu. Kidonda nakichora kwenye nailoni safi kwa kalamu ya wino mzito kila Jumapili, cha kwanza kilikuwa sentimita 9 kwa 6, cha juzi ni 6 na nusu kwa 4. Pembeni kuna utepe wa ngozi mpya wa waridi, mwembamba kama uzi wa cherehani pande zote. Kwa mwana wa Likoni, niliwaambia kuhusu kinyama, wakasema kwa kuwa kinapungua watasubiri, kikisimama watakata, wameandika kwenye kadi.

Swali langu sista, kipande cha nne cha alginati nilikuwa nimekitunza, wiki hii foamu zimeniishia nikakiweka hicho, kikanata. Ilibidi nikiloweshe kama robo saa ndo kikaachia. Nimekosea wapi?

sista_Temeke

Hujakosea, kidonda ndo kimebadilika. Alginati ikinata maana yake maji hayatoshi tena kuifanya jeli, kwa hiyo imeshamaliza kazi yake hapo, usinunue nyingine. Endelea na foamu, na zikiisha weka gozi ya vaselini na gozi kavu juu yake, chini ya bandeji ya kubana inatosha kabisa kwa kiasi hicho cha maji. Zinki pembeni usiache bado.

Bandeji asifunguliwe eti kwa sababu kimekuwa kizuri. Na siku kikifunga kabisa siku hiyo hiyo apimwe soksi za kubana, avae kila asubuhi kabla hajashuka kitandani na avue usiku, miguu yote miwili, kwa sababu zile vena bado ni zile zile. Ukifika hapo niandikie nikueleze namba za kupima, utahitaji mzingo wa kifundo na wa msuli, asubuhi mguu ukiwa haujavimba.

Mama umsalimie sana. Mwambie kuna arusi nyingine zinakuja.